Ngozi Iliyotiwa Chumvi

Ilomba, Mbeya
Jumapili jioni

Minza mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana tumeshinda tukigongana humu ndani tangu asubuhi, wewe unapanga nguo na mimi nazipangua. Sasa umekwenda kuaga kwa mama yako mdogo, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule sahani ya pili. Nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Mambo ya kuamka mapema, kusali na kuchagua marafiki sitakuandikia. Umeyasikia mpaka masikio yamechoka, na huko karakana unakokwenda kujifunza kazi ya ngozi watakuongezea ya kwao. Nakuandikia juu ya begi.

Mchana nilipoingia chumbani nilikukuta umelishusha lile begi lako la shule la ngozi, lenye ua lililochongwa, kutoka juu ya kabati, unalifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta. Nikakuambia, "Liache hilo, limezeeka, chukua la kitambaa." Ukacheka. "Mama, hili si ndio ua lako la kwanza? Nitawaonyesha kule. Nitawaambia mama yangu alijifunza kuchonga ngozi peke yake." Nikatoka, ukadhani nimekwenda kuangalia maharage. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Kesho, kabla hujafika Iringa, utashuka Igawa. Baba yako mdogo Shija atakungoja pale barabarani akupeleke Usangu kwa babu yako, mzaa baba yako, ambaye hajakuona tangu ukiwa na meno ya utoto. Macho yake sasa yamefifia na watu anawatambua kwa vidole. Atakushika mabega, atakushika mgongo, na mgongoni unataka uwe umebeba begi hilo. Mzee yule ameishi na ng'ombe maisha yake yote, ngozi haimdanganyi. Akiligusa akauliza limetoka wapi, ama atakupokea ama atakufukuza, na wewe hutajua kwa nini. Ni lazima ujue.

Baba yako ulimjua kidogo tu. Umewahi kuniambia unaikumbuka mikono yake, na harufu ya magome ya miti ya miwati aliyokuwa analowekea ngozi. Watu wake ni Wasukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakitafuta majani, wakayapata kwenye mbuga ya Usangu. Ndugu zake walipenda ng'ombe. Masunga, baba yako, alipenda kile kinachobaki ng'ombe akishaliwa. Akaenda kujifunza kazi ya ngozi katika karakana ya misheni, upande wa Tosamaganga, hiyo hiyo unayokwenda wewe, na huko bruda mmoja mzee akampenda akamwachia kisu cha kuchongea. Tulipooana tukapanga hapa Ilomba. Barabara kubwa ilikuwa inatiwa lami wakati ule, na wasimamizi wa barabara walikuwa na uroho wa mikanda yenye maua.

Mimi ni binti wa Tukuyu, na kwetu jambo la kwanza analofundishwa bibi harusi ni kumkwepa baba mkwe. Humtazami usoni, huli mbele yake, husemi naye, jina lake hulitamki hata kama ni jina la mti au la siku. Akija njia hii, wewe unapita ile. Akiingia uani unajifunika kanga kichwani na kujibanza mpaka apite. Marehemu mama yangu alinifundisha hayo kwa ukali, nami niliyashika kwa nguvu kuliko wenzangu, kwa sababu nilikuwa nimeolewa na watu wa mbali na nilitaka waone kwamba nimelelewa. Baba yako alikuwa ananicheka. "Kwetu mkamwana anapiga goti mbele ya mkwe wake, anamsalimia, anampa maji ya kunawa," aliniambia. Nikamjibu kwamba kwetu mwanamke wa namna hiyo angerudishwa kwao. Tukacheka wote wawili, tukaliacha hapo. Lilikuwa jambo la kukaa chini na kulimaliza, na sisi tulilifanya mzaha wa mezani.

Kitu kingine unachotakiwa kujua ni kwamba ndugu zake kila walipokuja kutoka Usangu walileta ngozi. Mbichi, imekunjwa na kufungwa kamba, nzito, inanuka. Masunga aliipokea kama mwingine anavyopokea gunia la mchele. Kazi yangu mimi ilikuwa kuitia chumvi upesi isije ikaoza, na kazi hiyo niliizoea mpaka ningeweza kuifanya usingizini.

Baba yako aliugua homa wakati wa masika, na haikumchelewesha. Watu wa kanisa wakanifanyia kila kitu. Fundi mbao akatengeneza sanduku siku ile ile, maziko yakapangwa kesho yake mchana, na dereva mmoja wa lori akapeleka taarifa Usangu. Walifika jioni. Nilikuwa ndani kwenye mkeka na wanawake, na niliposikia sauti ya baba mkwe uani nikavuta kanga ikanifunika mpaka kidevuni. Alisema maneno machache ya Kisukuma, taratibu. Kitu kizito kikatuliwa kizingitini. Harufu yake niliijua kabla hakijafunguliwa.

Mama Sekela, jirani yetu, ndiye aliyekaa mlangoni. Akaniinamia akasema, "Wakwe zako wameleta ngozi."

Nilikuwa nimelia tangu alfajiri, Minza, kichwa kimejaa maji. Nikafikiri, maskini hawa, wameleta ngozi kama siku zote, bado hawajazoea kwamba wa kuifanyia kazi hayupo. Ikanigusa kweli. Nikasema kutoka ndani ya kanga yangu, "Washukuru sana. Waambie waiweke karakanani na waitie chumvi isije ikaoza." Mama Sekela akawaambia hivyo hivyo, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.

 Nikasikia miguu ikiondoka uani.

Kesho yake tulimzika baba yako katika sanduku la mbao. Ndugu zake walisimama mbali, hawakutia udongo kaburini, na kabla ya matanga kuisha walikuwa wamekwisha kuondoka. Hawakuja tena. Wanawake wakaniambia, "Umewaona wakwe zako? Wamekuachia mtoto na ngozi moja." Nami nikalichukua neno hilo nikalifanya chakula. Ulipokuwa unauliza kwa nini babu haji, nilikujibu, "Wametutupa." Nilikujibu hivyo ukiwa unajifunza kusoma, nikakujibu hivyo ulipovunja ungo, mpaka ukaacha kuuliza. Siku moja nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba kwa baba yako hakuna watu. Nikaona nimekulea imara.

Ngozi ile ilikaa na chumvi yake miezi mingi. Baadaye nikaona nitafute riziki kwa kitu ambacho tayari kimo nyumbani. Nikaiondoa manyoya, meusi yote, nikaikwangua, nikailoweka kwenye magome ya miwati kama nilivyomwona baba yako akifanya. Ikatoka nyekundu, laini, nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwetu. Karibu na ubavu ilikuwa na kovu moja refu la mwiba. Kisha nikachukua kisu.

Kisu hicho umekililia miaka yote nami nimekunyima, ukasema nina choyo. Huko watakupa cha kwao, lakini nataka ujue nilivyokianza, kwa sababu utakosea yale yale na utadhani mkono wako ni mbovu. Umekiona. Ni kifupi, kinene kama kidole gumba, juu kina kipande kilichopinda ambapo kidole cha shahada kinakaa kama mtu aliyepanda punda, na shina lake linazunguka ukilizungusha kwa vidole. Mimi nilikishika kama kisu cha kumenyea ndizi. Nikakikandamiza kwenye ngozi kavu. Kikaruka, kikaniachia mkwaruzo wa kuku.

Basi nikasema ngozi ni kavu, nikailowesha kama nguo ya kufua. Safari hii kisu kilipita vizuri, lakini nyuma yake mkato ukajifunga kama vile sikupita. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa nayo mvua nzima mpaka nikaelewa kwamba unailowesha, unaiacha, unakwenda kufanya kazi nyingine, na ukirudi rangi yake ya mwanzo imeanza kurudi juu wakati ndani bado kuna unyevu. Ndipo inapokubali. Baba yako alikuwa anaiweka shavuni kupima, nikafanya kama yeye. Ikiwa ya baridi lakini haikuachii maji kwenye ngozi yako, anza. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kazi, niliiweka ile ngozi shavuni, nikaituliza hapo, nikafumba macho. Nilikuwa naona raha. Nakuambia ukweli, ilikuwa saa yangu nzuri ya siku.

Kingine kilichonitesa ni kugeuza. Ukitaka kupinda mstari mkono wote unataka kwenda, kiwiko kinatoka nje, mabega yanapanda. Hapana. Mkono unavuta tu kuja kwako. Vinavyopinda ni vidole viwili vinavyoshika shina, vinalizungusha kidogo kidogo. Na kisu kisilale upande. Kikilala, ukingo mmoja wa mkato unakuwa mwembamba, utakapoanza kuugonga kwa nyundo utachanika. Mimi nililaza kisu mwaka mzima. Angalia ua la begi lako, petali za upande wa kushoto zote zina midomo iliyochanika, nilizipaka nta zisionekane.

Na nilikuwa narudia. Mstari ukinitokea mbaya narudi juu yake niunyooshe, na badala ya mmoja naona miwili. Mkato kwenye ngozi haufutiki, na ukiugusa tena unaongezeka. Niliharibu vipande vingi kwa kutaka kutengeneza.

Sasa jambo nisilomwambia mtu. Kila nilipofika karibu na lile kovu la ubavuni, kisu kiligeuka kabla sijakigeuza. Nilikuwa nachora mstari wangu kwa penseli, naufuata, na pale pale vidole vinasikia shina linazunguka lenyewe kuelekea upande mwingine. Niliziba mlango, nilidhani ni upepo, nilidhani ni njaa. Nikakinoa upya kwenye kipande cha ngozi chenye unga wa kung'arishia. Kikageuka tena. Mwishoni nikaliacha kovu pembeni, nikachonga mahali pengine.

Na baba yako alikuwa anakuja. Umewahi kuniuliza kwa nini naamka usiku kukuongezea blanketi hata wakati wa joto. Alikuwa anakuja ndotoni, anasimama mlangoni, haingii, amejikunyata, mikono kwapani. "Tumpe," ananiita kwa jina langu, "baridi." Hilo tu. Nikaamka nikafikiri ni baridi ya Mbeya, tena ni Juni, tena mtoto amejifunua. Nilikufunika wewe. Kila mara nilikufunika wewe.

Vitu vya kwanza nilivyochonga vikatoka kwenye ngozi ile. Mikanda ya madereva. Ala ya kisu. Jalada la Biblia la mzee wa kanisa, mzee Mwakasege, lenye ngano pembeni. Na begi lako la darasa la tatu, lenye ua. Watu wakaanza kunijua, mama wa ngozi. Nikawa nanunua ngozi nyingine sasa, na ile ya kwanza ikaisha isipokuwa kipande chenye kovu.

Mwaka ulipomaliza darasa la saba, ulikuwa Tukuyu kwa likizo, Shija alipita Mbeya na ng'ombe wa mnada. Sijui nini kilimleta mpaka hapa. Alisimama nje ya karakana na fimbo yake, akapiga hodi kama mgeni kabisa. Nikamkaribisha. Hasira yangu yote ya miaka ile iliniponyoka, maana alikuwa na masikio ya baba yako. Nikampa chai. Tukaulizana hali, na nikataka kumwonyesha kwamba sisi hatukufa. Nikachukua kile kipande kilichobaki, na mkanda mmoja niliokuwa sijauza, nikamwekea mapajani. "Shemeji, unaikumbuka ngozi mliyoleta kwenye msiba? Ona ilivyotoka. Ndiyo iliyotulisha."

Akaweka kikombe chini. Akapitisha kidole kwenye kovu.

"Hii umeikata," alisema.

"Nimeikata, nimeichonga, nimeuza. Kwani mliileta ya nini?"

"Haikuwa ya kazi, shemeji. Ilikuwa ya kaka."

"Ya kaka vipi?"

"Ya kumfunika. Sisi mwanaume mwenye boma tunamvika ngozi ya dume, linachinjwa siku hiyo hiyo, anaenda nayo. Mzee alichinja lile dume jeusi la kaka mwenyewe, alikuwa analipendaga sana. Tuliibeba ngozi mchana ule ule kwenye lori isipoe. Pale mlangoni Mzee alikwambia, 'Binti yangu, mfunike mwanangu.' Wewe ukajibu itiwe chumvi."

Nikamwambia sikujua Kisukuma. Nikamwambia kila siku mlileta ngozi, nilijuaje. Nilisema maneno mengi na yote yalikuwa kweli.

"Na sisi hatukujua kama hujui," alisema Shija. "Ulikuwa umejifunika mpaka hapa. Tukasema huyu hata uso wake hataki kutuonyesha. Mzee akasema mke wa mtoto amekataa, hatuwezi kugombana juu ya maiti, twendeni."

"Nilijifunika kwa heshima. Kwetu baba mkwe hatazamwi."

Akanirudishia kile kipande; chai yake ilikuwa imefanya ngozi juu. Halafu akasema, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza, "Mzee anadhani uliitupa. Mwache adhani hivyo hivyo. Akijua imekatwa vipande, watu wanajifungia suruali..." Hakumaliza. Akaondoka na ng'ombe wake.

Nilikaa pale. Nilikuwa na unyevu wa ngozi shavuni, maana nilikuwa nimetoka kupima kipande cha mteja. Nikakumbuka ile raha yangu ya kila siku, nikifumba macho. Nilikuwa nimelaza shavu kwenye sanda ya mume wangu. Na mwanangu alikuwa amekwenda shule na kurudi miaka yote hiyo na sanda ya baba yake mgongoni, ndani yake madaftari na viazi vya kuchemsha.

Kuanzia hapo, Minza, sikupita mjini salama. Nikiona dereva anashuka kwenye lori natazama kiuno chake. Kanisani mzee Mwakasege akifungua Biblia yake sisikii neno, naangalia ngano zangu za pembeni. Nilikwenda kwake nikamwambia jalada lina kasoro, nikalichukua kulitengeneza, nikampa jingine la ngozi ya mbuzi. Analalamika mpaka leo kwamba la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Mkanda mmoja niliufuata mpaka Ruaha Mbuyuni kwa mwanamke wa vitunguu ambaye mumewe alikuwa dereva. Ulidhani nilikwenda kununua vitunguu, na kweli nilirudi navyo. Ala ya kisu sikuipata. Mkanda mwingine uko Zambia kiunoni mwa mtu nisiyemjua. Vilivyopatikana vimo ndani ya gunia chini ya kitanda changu, pamoja na kipande chenye kovu. Begi lako sikuthubutu kulichukua. Ungeuliza.

Na baba yako aliacha kuja. Hicho ndicho kinachoniogopesha zaidi. Nilipoelewa baridi yake ni ya nini, hakurudi kuniambia tena. Naamka mwenyewe, natazama mlango, hakuna mtu. Ningempa hata blanketi.

Utauliza kwa nini sikukuambia tangu siku ile. Nilikuwa nimekwisha kukuambia wametutupa, nimekuambia mara nyingi mno, na kulitengua neno hilo ilikuwa ni kukuambia kwamba aliyewafukuza ni mimi. Umekua bila babu, bila shangazi, bila mtu wa kukuonyesha namna baba yako alivyocheka, kwa sababu mama yako alisema maneno mawili kutoka ndani ya kanga na hakufunua kuangalia waliyapokeaje. Naona aibu. Hakuna neno jingine la kuliweka hapo. Ningeweza kuuliza siku ile ile. Ningeweza kuuliza kwa nini hawakutia udongo. Nilipendelea kukasirika, ilikuwa rahisi kuliko kuuliza, na nikakaa nayo mpaka ikawa tabia.

Ujumbe wa Shija ulipofika mwezi uliopita, kwamba Mzee anataka kumshika mtoto wa Masunga kabla hajafa, ulicheza uwanjani. Sijakuona ukicheza hivyo tangu utoto. Nikafikiri, mtoto huyu amekuwa akimngoja muda wote, na mimi nilidhani nimemlea imara.

Nitakuambia nilivyokuwa nimepanga. Nilipanga alfajiri niamke kabla yako, nihamishe nguo zako kwenye begi la kitambaa, hili nilitie guniani na wenzake, na barua hii niifiche katikati ya nguo uione ukishafika Iringa, ukiwa umeshapita kwa babu yako na umeshapendwa. Mzee angekufa akiamini niliitupa, kama Shija alivyoshauri. Nikaona ni mpango wa busara. Ndiyo maana nikaanza kuandika nikiwa nimetulia.

Sasa nimefika hapa na mkono umekataa. Niliposema na baba mkwe mara ya kwanza nilisema kwa mdomo wa Mama Sekela, na mtoto wangu akalipa. Sasa nilikuwa nataka nikutume wewe, ukae mbele yake na uso wa baba yako, ule chakula chake, upokee baraka zake, na wewe mwenyewe ukiwa hujui umesimama juu ya nini. Halafu ujue Iringa, peke yako, kati ya watu wageni, ukiwa na kisu cha kujifunzia mkononi. Ningekuwa nimekugeuza wewe mlango wa kujifichia.

Kwa hiyo hufichiwi kitu. Begi libebe, lakini tukifika nitakuvua mimi. Gunia nalibeba mimi. Nitapiga goti mbele yake kama wanawake wa kwao wanavyofanya, nitamtazama usoni, na nitamwambia kwa mdomo wangu, Shija akifasiri, kila kipande kilikokwenda, na vile ambavyo sikuvipata. Sijui atafanya nini. Anaweza kunitemea mate. Anaweza kuchukua vilivyobaki akavizike kaburini mwa mwanawe au akavitupe motoni, ni haki yake. Anaweza kukupokea wewe na mimi akaniambia nitoke. Hilo nalo nitalikubali, nitapanda gari la kurudi, na wewe utaendelea na safari yako, na utakapochukua kisu kwa mara ya kwanza utakishika ukijua ngozi ya mikononi mwako ni ngozi tu.

Umesharudi na sasa umelala; ulipokuwa unaoga nilikwenda stendi nikabadilisha tiketi. Viti ni viwili, vimekaa pamoja. Cha dirishani ni chako. Nitakupa barua hii tukishapita Chimala, kwa sababu nikikupa mapema utanililia hapa nyumbani nami nitabaki. Nitakuwa nimekaa kando yako unapousoma mstari huu, natazama mbele kwenye kisogo cha dereva, najifanya sikuoni. Ukimaliza usiniulize kitu, sauti itakuwa haipo. Nishike mkono tu, mwanangu, na Igawa ikifika uniambie tushuke.

Mama yako,
Tumpe